Mkono Ndani ya Pazia

Nyanchwa, Kisii

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii inatoka kwangu nikiwa mzima, na viungo vyangu vyote viko mahali pake. Kabla ya lolote nataka habari za goti lako. Ile dawa ya kuchua niliyompa Mwanajuma akuletee, inasaidia, au umeiweka juu ya kabati pamoja na zile za mwaka jana? Na paa la jikoni limeshaezekwa? Huku mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu Msambweni. Hunyesha karibu kila alasiri, kisha baridi inapanda mlima huu wa Nyanchwa hadi chumbani kwangu, nami hulala na soksi. Ungeniona ungecheka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, mama, hupokelewa na mtaa mzima. Ukishaibonyeza sauti kubwa, anasikia jirani, anasikia muuza mkaa, na maneno yangu yanafika sokoni kabla sijakata. Haya ni yako kwanza. Ukishayasoma utaamua mwenyewe nani asomewe.

Najua Ami Athumani amekwisha kukwambia kwamba nilipelekwa kituo cha polisi kwa ajili ya dhahabu ya watu. Nani alimfikishia, sijui. Nina mtu ninayemdhania, lakini nimejifunza kunyamaza kuhusu watu ninaowadhania, na utaona kwa nini. Ni kweli nilihojiwa. Ni kweli mkoba wangu ulimwagwa mezani mbele ya wanaume. Si kweli kwamba nililala ndani, na si kweli kwamba niliiba. Hata hivyo sikutoka katika jambo hili nikiwa safi, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Zamu yetu ya zimamoto inaongozwa na Bwana Ombati, mtu wa makamo, mpole, ambaye hajawahi kunipandishia sauti tangu nilipoajiriwa. Wenzangu wote ni Wagusii. Wakiwa peke yao husema Ekegusii, wakinigeukia mimi wanaingia kwenye Kiswahili, nami nikiwasahihisha wanacheka na kuniita Mswahili. Watu wa mjini hawatupendi sana. Tukifika kwenye moto, hata kabla hatujashuka, mtu atauliza, "Hii gari imekuja na maji kweli?" Tukiwa na maji, watauliza mbona tumechelewa.

Tunafanya kazi na watu wa aina mbili. Wapo polisi, ambao kazi yao ni kulinda mahali na kuzuia umati, na wapo wa ambulansi, ambao hupokea majeruhi kutoka mikononi mwetu. Hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini kila mmoja ana redio yake, ana mkubwa wake, na ana maneno yake juu ya wenziwe. Sisi tulikuwa tukisema polisi huja kupekua na si kulinda. Polisi walisema zimamoto huokoa vitu mpaka nyumbani kwao. Na sote tulisema watu wa ambulansi hujifanya madaktari. Ilikuwa mizaha ya kunywea chai. Siku bangili zilipopotea, mizaha ile ikageuka ushahidi.

Unamkumbuka Bwana Abdalla niliyekusimulia, muuza magodoro karibu na msikiti, ambaye mkewe hunialika futari kila Ramadhani? Babu yake alitoka Pwani, bibi yake alikuwa wa hapahapa Kisii, na nyumbani kwao wanachanganya lugha kiasi kwamba watoto wanaomba chakula kwa lugha mbili. Wanakaa juu ya duka lao. Alasiri moja, mvua ikinyesha, waya ulishika moto ndani ya duka. Magodoro, mama, yakiungua hayatoi moto mkubwa mwanzoni. Hutoa moshi mweusi, mzito, wenye sumu, na ule moshi ukapanda ngazi. Watu wote walitoka isipokuwa mama yake Bwana Abdalla, Bi Zainabu, ambaye miguu yake haimbebi siku hizi.

Tulipofika alikuwa dirishani, ghorofa ya kwanza. Mwenzangu Nyang'au alipanda kwa ngazi yetu mara ya kwanza akashuka mikono mitupu. Alisema, "Huyo mama anakataa. Anasema hana kitu cha kufunika kichwa, hawezi kushikwa na mwanaume."

Bwana Ombati akanitazama. "Rukia, panda wewe."

Nilivaa barakoa na mtungi wa hewa, nikapanda. Bi Zainabu alikuwa ameketi sakafuni, kanga yake imeshika moto upindoni naye ameizima kwa mkono wake wa kulia. Ngozi ya mkono ule ilikuwa imeanza kubabuka, na juu ya kifundo palikuwa na bangili za dhahabu, nne, nyembamba, za kizamani. Naziona mpaka sasa. Nilivuta pazia dirishani, nikamfunga kuanzia kichwani hadi miguuni, nikamwambia, "Bibi, hakuna atakayekuona." Akanielewa. Alinilegea begani kama mtoto, na nilipofika nusu ya ngazi nikajua amezirai.

Chini alinipokea mhudumu wa ambulansi, Onchari. Nilimjua kwa sura, mtu mrefu wa kutoka upande wa Nyamira, asiyesema sana. Tulimlaza Bi Zainabu kwenye machela. Onchari akaingiza mkono wake ndani ya pazia, akakaa nao humo kwa muda, kisha akautoa na kuutia mfukoni. Nikaona. Sikufikiri kitu wakati huo. Paa lilikuwa linatoa mlio, Bwana Ombati ananiita nishike mpira wa maji, nami nikageuka. Hakuna aliyeniuliza jina la mgonjwa, na mimi sikulitaja. Bwana Abdalla alikuwa upande wa pili wa barabara, amezuiwa na polisi, analia. Ambulansi ikaondoka bila ndugu yeyote ndani.

Siku ya pili Bi Zainabu alipatikana wodini, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, hajitambui vizuri kwa ajili ya dawa na moshi. Mkewe Bwana Abdalla akauliza bangili. Muuguzi wa wodi akafungua daftari lake, akasema mgonjwa aliingia wodini bila kitu. Zilikuwa za mama yake Bi Zainabu, mama, na alizivaa tangu harusi yake. Haziwezi kutolewa kwa kuvutwa, zilikuwa zimekaa mkononi miaka mingi mno. Kwa hiyo, watu wakasema, aliyezitoa alizikata. Na nani hubeba vifaa vya kukatia kwenye moto? Zimamoto.

Koplo Wafula ndiye aliyenihoji. Ni mtu wa Bungoma, naye ni mgeni hapa kama mimi, nikadhani hilo litanisaidia. Halikunisaidia. Alimwaga mkoba wangu mezani, akapanga kila kitu kimoja kimoja: kitana, pakiti ya binzari, picha yako ile ya Idi.

"Wewe ndiye wa mwisho kuziona," alisema.

"Nilizifunga ndani ya pazia zikiwa mkononi mwake."

"Hiyo ni kusema zilikuwa zimefichwa, na wewe ndiye unajua mahali ziko."

"Mimi nilimshusha mtu, sikushusha dhahabu."

Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa sauti ya upole, "Sasa kama si wewe, unashuku nani?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sijui, kwa sababu kweli sikujua. Lakini nilikuwa naogopa, mama. Niliuona uso wako, niliwaza wanavyosema kwetu kuhusu mabinti wanaokwenda kufanya kazi za kiume mbali na nyumbani. Nikasema, "Nilimwona Onchari akiingiza mkono ndani ya pazia, kisha akautia mfukoni. Kama kuna mtu, ni yeye." Nikatia sahihi.

Wiki ile ile Onchari alisimamishwa kazi, akarudi kwao. Na unajua nilifanya nini? Nilipata usingizi. Niliona jambo limepata mwenyewe.

Lakini halikutulia. Mkewe Bwana Abdalla alinikaribisha nilipokwenda kumjulia hali Bi Zainabu, akanipa chai, kisha akakaa mlangoni, si karibu nami kama zamani, na mtoto alipotaka kunionyesha chumba kilichopakwa rangi upya akamwita arudi. Ofisini Nyang'au alianza kufunga kabati lake kwa kufuli. Mkubwa wa ambulansi alitoa amri kwamba gari lake halitaungana nasi mahali popote mpaka kuwe na askari wa kushuhudia. Bwana Ombati naye akasema, kwa ile sauti yake ya chini, "Na sisi polisi hatuwaiti. Watatupekua tena kama wezi. Tumalize kazi zetu wenyewe." Sisi sote tukakubali. Hata mimi nilitikisa kichwa. Hatukuona kwamba kwa amri zile mbili tulikuwa tumejifungia ambulansi nje.

Hapo ndipo ikaja habari ya kisima cha Marani.

Mwanamke mmoja aitwaye Moraa alipiga simu asubuhi. Mumewe, Mokaya, ni mchimba visima. Alikuwa amechimba kimo cha watu wanne hivi ndipo ukuta mmoja ukaporomoka, ukamfukia hadi kifuani. Tulifika tukakuta soko zima la Marani limehamia shambani pale. Watu walikuwa wameuzunguka mdomo wa kisima, kila mmoja anataka kuchungulia, na kila wakisukumana udongo mwekundu unamdondokea Mokaya. Tulikuwa tunamsikia akikohoa. Moraa alikuwa amekaa chini, anamwita jina, anamwita jina, ili asilale.

Tuliwaambia watu warudi nyuma. Wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Nyinyi mko watano, sisi tuko Marani yote." Nyang'au alipomsukuma kijana mmoja, lilirushwa jiwe, likapiga kioo cha gari. Bwana Ombati akapiga simu kwa ambulansi.

Nilikuwa karibu nikamsikia akijibiwa. "Kuna askari hapo?"

"Hakuna."

"Basi tutangoja."

Alishusha simu akaitazama kama kitu kilichomuuma. Udongo ukadondoka tena. Safari hii Mokaya hakukohoa mara moja, ilichukua muda, na Moraa akaacha kuita akasikiliza. Sijui tulipoteza muda gani pale. Mimi niliuhisi kama asubuhi nzima.

Aliyetuokoa alikuwa Koplo Wafula. Hakuna aliyemwita kutoka kwetu, alipigiwa na naibu wa chifu. Alikuja na askari mmoja, wamepakiwa kwenye boda boda moja, viatu vyote tope. Alinitazama mimi, akamtazama Bwana Ombati, kisha akasema, "Mngeniambia." Hakungoja jibu. Alifunga kamba kutoka mgomba hadi mgomba, mbali na mdomo wa kisima, akatembea kando yake akizungumza na watu taratibu, akiwataja wengine kwa majina, nao wakarudi nyuma hatua kwa hatua. Udongo ukaacha kudondoka. Akatoa simu yake akapigia ambulansi, akasema neno moja tu, "Njooni."

Ilibidi mtu ashuke. Mimi ndiye mwepesi kuliko wote. Nyang'au na wengine walikuwa wanashikilia mbao za kuzuia ukuta, Bwana Ombati anaelekeza, kwa hiyo aliyebaki wa kushika kamba yangu alikuwa Koplo Wafula. Yule yule. Alifunga kifundo mkandani mwangu. Nikakifungua mbele ya macho yake, nikakifunga upya mwenyewe.

Hakukasirika. Alisema, "Ni sawa. Mimi pia ningefanya hivyo."

"Ukichoka usinifiche."

"Nikichoka nitakwambia."

Nilishuka, mama. Sitakusimulia yote ya mle ndani kwa sababu hutalala. Nitakwambia tu kwamba giza la mle lina harufu ya udongo mbichi na jasho la mtu mwenye hofu, na kwamba nilimfukua Mokaya kwa kikombe na kwa kucha, nikamfunga mkanda chini ya makwapa. Kila nilipoinua macho niliona duara la mbingu, na ukingoni uso wa mtu ambaye nilikuwa na hakika ananichukia. Kamba haikulegea hata mara moja. Wakati mmoja ukuta ulitoa mlio, akaniambia, "Umeanza kupasuka upande wako wa kushoto, hamia kulia," nikahamia bila kutazama. Niligundua baadaye kwamba sikutazama.

Ambulansi ilifika tukiwa tumekwisha mtoa. Mhudumu mgeni, aliyewekwa nafasi ya Onchari, alishindwa kufungua mtungi wa oksijeni. Bwana Ombati akasema, "Onchari angekuwa hapa," akaishia hapo. Yule mgeni aliniomba niende naye, nikaingia, na njia nzima nilimshikia Mokaya barakoa usoni.

Kwenye chumba cha dharura mezani alikuwa Sista Kemunto. Ndiye aliyekuwa zamu siku ile ya moto. Siku ya pili yake alikuwa amekwenda likizo kwao Kenyenya kumuuguza mamake, na ndiyo kwanza amerudi.

"Jina la mgonjwa?"

"Mokaya, wa Marani. Mkewe Moraa yuko njiani na Koplo."

Aliandika, akasema bila kuinua kichwa, "Leo mmekuja na jina. Siku ile ya magodoro mliniletea bibi amefungwa kwa pazia kama mzigo, hana jina, hana mtu. Nikaandika Asiyejulikana. Mpaka leo vitu vyake viko kwa kabati yangu, hakuna mtu amekuja kuuliza."

Nilimuuliza, "Vitu gani, Sista?"

"Bangili. Mkono ulikuwa unavimba, vidole vinaanza kuwa vyeusi. Nilizikata. Singezikata, huyo bibi angepoteza mkono."

Nikakaa sakafuni pale pale na tope langu. Walioniona walidhani ni uchovu. Unaona ilivyokuwa, mama? Bi Zainabu aliingia kwenye daftari la dharura bila jina. Ndugu zake walipomtambua siku ya pili akiwa amekwisha hamishwa, akaingia kwenye daftari la wodi kwa jina lake. Kwa makaratasi walikuwa wanawake wawili. Polisi waliuliza habari za Bi Zainabu wodini, wakaambiwa hakuja na kitu, na hiyo ilikuwa kweli. Jina lake nililijua mimi, pale chini ya ngazi. Lilikuwa mdomoni mwangu, na ningelimtamkia Onchari, haya yote yasingekuwapo.

Koplo Wafula alipofika alizitoa bangili kwenye bahasha mbele ya Sista, mbele yangu na mbele ya Bwana Abdalla aliyeitwa, akaandika. Zilikuwa nne, zimekatwa vizuri mahali pamoja. Bwana Abdalla alinishika mkono. Nami nilishindwa kufurahi, kwa sababu nilichokuwa nakiona ni ule mkono wa Onchari ukiingia ndani ya pazia.

Kwenye veranda ya hospitali nilimuuliza Koplo, "Onchari naye alisema nini juu yangu?"

"Sipaswi kukwambia."

Akavua kofia, akaikung'uta tope.

"Nilimuuliza kama nilivyokuuliza wewe. Kama anashuku nani. Alisema, huyo dada alimbeba mgonjwa kama mamake mzazi, mimi sikuona kitu kingine. Nilimuuliza mara mbili. Alinijibu hivyo hivyo."

Jumapili nilipanda gari nikaenda Nyamira. Kwao ni juu ya kilima, chai kila upande hadi mlangoni. Mkewe alinielekeza shambani. Nilimkuta Onchari anachuma chai, kikapu mgongoni, na hakuacha kuchuma aliponiona.

Nilimwamkia, "Bwakire." Akaitikia.

"Kama umekuja kuniambia zimepatikana," alisema, "nimeshapigiwa simu. Kesho narudi kazini."

"Nimekuja kukwambia mimi ndiye niliyekutaja."

"Hiyo pia najua. Nilisomewa."

Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, vidole vyake havikusimama. Nikamuuliza, "Mbona nawe hukunitaja?"

"Nitaandikaje kitu sikuona?"

"Mimi niliona mkono."

Hapo ndipo alipogeuka. "Sasa niulize. Siku ile hukuniuliza, niulize leo."

Nikamuuliza alikuwa akifanya nini ndani ya pazia.

"Nilikuwa nimemuweka kile kibanio cha kidole, cha kupima hewa kwa damu. Betri ilikuwa imekufa. Nikakitoa nikakirudisha kwa mfuko." Kisha akaongeza, "Watoto wangu walikuwa wanaambiwa shuleni baba yao anavua wagonjwa dhahabu. Kanisani walinitoa kwa kwaya mpaka mambo yaishe."

Nilimwomba radhi, mama. Niliomba kwa maneno yote ninayoyajua, na yalikuwa machache. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia. Lakini nimeomba wanipangie zamu isiyo yako. Sikuchukii. Ni kwamba sasa hivi nikifanya kazi na wewe, nitakuwa naficha mikono, na mtu wa kazi yangu hawezi kuficha mikono." Kisha akarudi kwenye chai yake. Mkewe alinipa uji kizingitini na kusimama nami nikinywa. Hakuniambia niingie, nami sikutarajia.

Tangu hapo mambo yamebadilika kidogo. Bwana Ombati, Koplo na mkubwa wa ambulansi walikaa meza moja, wakakubaliana kwamba simu ikiingia kwa mmoja inawafikia wote watatu hapo hapo. Majeruhi sasa hafiki hospitali bila kadi mkononi yenye jina lake, au alama zake kama jina halijulikani, na anayemtoa humsomea anayempokea kwa sauti. Wiki iliyopita lori la ndizi lilipinduka njia ya Kenyenya, tukafika pamoja, na dereva alikuwa hospitalini kabla wengine hawajamaliza kuuliza kama gari letu lina maji. Mokaya yu hai. Wanasema atatembea kwa fimbo, na huenda asingeihitaji kama tungempata mapema zaidi.

Lakini nisikudanganye kwamba tunapendana. Mjini wapo wasemao bangili zilirudishwa kwa mlango wa nyuma na Sista akapewa maneno ya kusema. Nyang'au bado anafunga kufuli lake. Na mimi, tukiwa kazini, bado macho yangu huenda kwenye mikono ya watu kabla ya kwenda kwenye nyuso zao. Nimejikamata nikifanya hivyo hata msikitini. Niombee.

Uliniambia nirudi nyumbani. Sirudi kwa sasa, mama. Nikiondoka sasa, Onchari ataonekana ndiye aliyebaki na jambo, nami ndiye niliyeponyoka.

Nisalimie Bibi, umwambie ukili wa mkeka aliouanza nitaumalizia nikija Idi. Nisalimie kaka Hamisi, na mkewe aliyejifungua, mtoto nimemnunulia sweta ya hapa ingawa huko ataivalia wapi sijui. Nisalimie dada Mishi na mumewe fundi, na mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha kutotia mkono kwenye karatasi nisiyoisoma. Nisalimie Ami Athumani pia, kwa heshima zote. Msomee barua hii, tafadhali, asikie na mwisho wake.

Watu watakuuliza, najua kwetu. Wakiuliza ni nani aliyeiba, waambie hakuna. Wakiuliza ni nani aliyemtia mwenziwe ubaya, usinifiche, mama. Wape jina langu.

Mwanao,
Rukia